Askofu wa Konstantinopoli Alivyopigwa Kizota

Mbavu zangu mbili zilivunjikia kwenye mtaguso wa Efeso. Nikisema hivyo watu hucheka, na wakicheka mimi nakasirika, basi acha nianze vizuri. Nilivunjwa mbavu kanisani kwetu Kizota, Jumamosi asubuhi, jua limewaka, mbele ya kwaya zote na mama zao, nikiwa nimejifunga pazia la dirishani kwa sababu siku hiyo nilikuwa askofu wa Konstantinopoli. Aliyenivunja ni mtani wangu. Na kanisa zima lilikuwa linashangilia.

Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari. Hasira zangu ziko karibu, sifichi, hata wanafunzi wanajua ni siku gani ya kuniuliza swali na siku gani ya kunyamaza. Lakini mtaani kwangu hasira hizo zilikuwa na mtu mmoja asiyeziogopa, naye ni fundi wa kuchomelea mageti ambaye karakana yake imepakana na ukuta wa kanisa. Yeye Mhehe, mimi Mgogo. Kwa asiyejua mambo yetu: babu zetu walichinjana, wakachoka, wakapatana, na mapatano yao yakawa utani. Mtani anakutukana nawe huruhusiwi kununa. Anaingia uani kwako anakamata kuku, unamsindikiza kwa matusi na yeye anakushukuru kwa matusi. Ana miaka mingi kunizidi, lakini shikamoo yangu hakuwahi kuipata hata siku moja. Mtani hapewi shikamoo. Utani wenyewe ni huu: Wahehe tunawaita wala mbwa, na wao wanatuita Wagogo ombaomba. Nilikuwa nikimkuta asubuhi namuuliza, "We mla mbwa, umeamka? Nani kakukata kamba?" Naye anajibu, "Mgogo, pita hivi, leo sina shilingi ya kukupa, jaribu msikitini."

Mama yangu alipofariki, fundi huyu alichimba kaburi tangu alfajiri, kama ilivyo kazi ya mtani. Jeneza lilipofika aliruka shimoni na suruali yake nzuri, akajinyoosha chali, akapiga kelele kwamba bibi huyu hazikwi mpaka watoto wake warudishe bakuli la kuombea walilomwibia babu yake. Niliangua kicheko huku machozi yananitoka. Nilihisi kifua kinafunguka. Ningempa nini mtu kama huyo? Nilimpenda, haki ya Mungu, na nasema hivyo ili msomaji ajue nilichopoteza.

Sasa ukame. Mwaka wa kwanza mtama ulitoa masuke matupu. Mwaka wa pili haukutoa hata masuke. Upepo wa Dodoma mnaujua, ulipuliza vumbi mpaka ndani ya masufuria yaliyofunikwa. Mtani wangu alikuwa na shamba la alizeti upande wa barabara ya Singida, akalipanda mara mbili na mara mbili likakauka likiwa usawa wa goti. Na katikati ya ukame huo, kijiji kimoja upande wa Mvumi, akafa mzee aliyekuwa mlinzi wa mawe ya mvua. Hayo ni mawe meusi, laini, yaliyorithiwa ukoo kwa ukoo, na zamani mvua ilipogoma wakubwa walikwenda kwake. Mzee huyo alibatizwa kitandani siku za mwisho, na aliyembatiza ni mchungaji wetu.

Mchungaji alikuwa Msandawe wa Chemba, mzee mdogo wa umbo, aliyehesabu mbuzi wake kwa lugha yake yenye vidoko, ile milio ya kugonga ulimi, na watoto wa Kizota wakimwiga wanajiuma ndimi. Kikundi cha maombi cha kanisani, ambacho kiongozi wake alikuwa huyu huyu mtani wangu, kilitaka mawe yale yavunjwe hadharani kwa nyundo na mzee azikwe bila ibada. Mchungaji akasema, "Mtu amebatizwa. Na mawe ni mawe." Katika familia hakuna aliyetaka kuyarithi, basi akaacha wayaweke kaburini na mwenyewe, akasoma ibada yake mpaka mwisho, akafukia.

Looo! Ungedhani amechoma mji. Kikundi cha maombi kikasema amezika ushirikina chini ya msalaba. Wengine, wasio na habari na kikundi chochote, wakasema amezika mvua. Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata rangi ya kanzu za kwaya wakakubaliana juu ya hilo. Usiku mawe yakaanza kuanguka juu ya bati lake. Kuku mwenye shingo iliyokatwa akakutwa mlangoni. Halafu wakamkata mbwa wake kwa panga, wakamtupia uani akiwa bado anapumua. Nilifika asubuhi nikamkuta mzee amechuchumaa anafukuza nzi.

"Shikamoo baba mchungaji," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Hebu niambie, mbwa amekosa nini?"

Nikachuchumaa karibu naye, nikasaidia kufukuza nzi. Wazee wa kanisa walikuwa wamepanga kukutana Jumapili iliyokuwa inafuata, na kila mtu alijua watafanya nini: watamkataa, aondolewe, atoke kwenye nyumba ile aliyoijenga kwa mikono yake, arudi Chemba na mkewe asiyeweza kutembea. Kati ya wazee, wachache walikuwa upande wake, na wachache hao walikuwa waoga. Nikaapa kwamba sitakubali. Nikatafuta namna ya kuwaaibisha kabla ya kura.

Na mwalimu wa historia ana silaha gani? Historia. Nikawakumbuka maaskofu wa Efeso.

Zamani hizo, kanisa likiwa bado changa, kaisari aliita maaskofu Efeso kwenye mtaguso, yaani baraza kuu. Swali lilikuwa Kristo ni nani. Askofu wa Konstantinopoli, mji wa kaisari mwenyewe, alishikilia kwamba ni Mungu kweli na mtu kweli, njaa yake ilikuwa njaa na damu yake ilikuwa damu. Wanasema alikuwa mpole, hakujua fitina. Askofu wa Aleksandria aliyejua fitina alikuja na kundi la watawa wenye marungu. Maneno yalipogeuka ugomvi milango ikafunguliwa, watawa na askari wakaingia. Maaskofu wenye ndevu mpaka kifuani wakajisukumiza chini ya mabenchi. Yule mpole akakimbilia madhabahuni, akang'ang'ania meza, wakambandua kwa mateke na kumkanyaga. Waliobaki wakatishwa mpaka wakatia sahihi karatasi tupu, hukumu ije kuandikwa baadaye. Yeye akafa kwa majeraha akiwa njiani kupelekwa uhamishoni. Miaka michache baadaye maaskofu wale wale waliitwa kwenye baraza lingine, na wengi wakasimama wakalia kwamba walikosa, kwamba waliogopa.

Nikasema, hiki ndicho Kizota wanachohitaji kukiona. Nikatunga igizo. Wanaume wote wa kwaya walitaka kuwa askari na watawa, hakuna aliyetaka kuwa askofu wa kupigwa, basi nikaivaa nafasi hiyo mwenyewe. Mtani wangu akaja uani kwangu kuomba kuwa mkuu wa watawa. Nilifurahi! Niliwaza, akiinua rungu kwa mkono wake mwenyewe juu ya mtu asiye na kosa, ataona yule mbwa, ataona bati lile, aibu itamshika. Mke wangu alikuwa anapepeta uwele pembeni. Akasema bila kuinua macho, "Mzaha mzaha, hutumbua usaha." Nikamwambia aendelee na uwele wake.

Marungu tuliyatengeneza kwa godoro bovu. Tulikata vipande, tukavifunga kwa vitambaa vya kahawia, lakini kwenye mazoezi yalikuwa yanapinda. Mtawa anainua rungu, rungu linaanguka nyuma linampiga mwenyewe mgongoni, kwaya inajigaragaza kwa kicheko. Mtani wangu akaniambia, "Mwalimu, rungu hili hata kunguni halimuui. Acha nitie vijiti ndani yasimame." Nikasema sawa, vijiti vyembamba. Akayachukua karakanani kwake. Ya wenzake yalirudi na fito ndani. La kwake lilirudi na kipande cha nondo.

Alipoulizwa baadaye alisema fito zilimwishia. Pengine ni kweli. Mtu aliyezungukwa na vyuma, mkono ukikosa mti utashika chuma. Nimekaa na sentensi hiyo miaka mingi na bado sijui niiweke wapi.

Siku ikafika. Kanisa lilijaa mpaka madirishani, watu wa karakana waliacha mashine zao, mama wa soko la Majengo walikuja wakiwa bado na vumbi la nafaka kwenye khanga. Mchungaji alikaa benchi la mbele na fimbo yake. Wazee walikaa nyuma yake, safu nzima, mikono vifuani. Nikasimama na pazia langu, nikasema yangu kuhusu Mungu kweli na mtu kweli. Nilisema vizuri. Niliwatazama wazee machoni mmoja mmoja, na wawili wakainamisha vichwa. Niliona kabisa kwamba inawaingia, na moyo wangu ukaruka.

Hapo mlango ukapigwa teke, watawa wakaingia.

Rungu la kwanza lilinipata begani. Nilidhani nimejigonga kwenye nguzo. Kabla sijaelewa, la pili likanipata mbavuni, nikasikia kitu ndani yangu kinavunjika kama ufito mkavu, pumzi ikakata. Nikamtazama mtani wangu usoni. Hakuwa anaigiza. Macho yalikuwa mekundu, na alikuwa anasema kwa sauti ya chini ambayo mimi tu niliisikia, "Mmetuzikia mvua. Mmetuzikia mvua." Akapiga tena.

Nikaanguka. Nikatambaa mpaka meza ya Bwana, nikakumbatia mguu wake, sawasawa na nilivyoandika. Na kanisa likalipuka kwa furaha. Mhehe anampiga Mgogo! Nani angeweza kuona kitu kingine? Walikuwa wamezoea kutuona tunatukanana kila asubuhi. "Mpige huyo, kaja kuomba mpaka Efeso!" akapiga kelele mama mmoja. "Mchinje, usimle lakini!" akajibu mwingine, na watu wakalala wakicheka. Nikapiga ukelele, "Ananiua! Jamani, ananiua kweli!" Walipiga makofi. Nilimwona mke wangu safu ya tatu. Alikuwa amejifunika mdomo kwa khanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Damu ilinitoka mdomoni ikadondokea pazia, na mtu akasema kwa sauti ya kusifu, "Wametumia juisi ya rosela!"

Nilikata tamaa. Nasema kweli kabisa. Nililala pale nikijua nitakufa katikati ya ndugu zangu, nao watanipigia makofi mpaka nipoe.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mchungaji hakuwa mtani wa yeyote kati yetu. Tangu ahamie Kizota, yale matusi yetu aliyasikia kama matusi. Siku ya kwanza alipomwona fundi anatoka kwangu na kuku kwapani alitaka kumwita mjumbe wa mtaa, na tulipomweleza alitikisa kichwa tu, akasema anasikitika, yeye anaona wizi. Tulimcheka sana siku hiyo. Basi Jumamosi ile, pale ambapo kanisa zima liliona mtani na mtani, mzee yule aliona mtu anampiga mtu. Alisimama na fimbo yake. "Acheni!" akasema. "Huyo anapigwa!" Watu wakadhani naye kapewa sehemu, wakamshangilia. Akaiangusha fimbo, akapanda ile ngazi moja ya madhabahu kwa shida, akalala juu yangu.

Alikuwa mwepesi. Nilisikia moyo wake mgongoni kwangu, unakwenda mbio. Alisema kitu kwa lugha yake, vile vidoko, sikioni kwangu. Halafu rungu likashuka likampata kisogoni.

Mlio wa chuma kwenye mfupa haufanani na wa godoro. Kicheko kilikatika. Rungu lilikuwa limechanika, nondo imetokeza, na mtani wangu akaitazama mkononi mwake kana kwamba kuna mtu amemwekea. Mke wangu ndiye aliyepiga yowe la kwanza.

Tulipakiwa kwenye bajaji mbili. Nakumbuka nikigombana na dereva kwamba azime muziki. Mchungaji hakuzinduka tena. Alikufa Jumapili, saa za ibada, wakati wazee walikuwa wamekutana kama walivyopanga, lakini ajenda ilikuwa imebadilika. Jioni walikuja wodini kwangu wote, wamevaa suti zao za Jumapili, wamenibebea machungwa. Msemaji wao akaniambia, "Mwalimu, tumekubaliana neno moja la kuwaambia polisi. Ilikuwa ajali ya igizo. Tena ninyi ni watani. Utakuwa umeokoa kanisa."

"Mmekubaliana wote?" nikauliza.

"Wote."

"Hata nyinyi mliokuwa upande wake?"

Wale wachache wakatazama machungwa. Nikamwona kila mmoja wao chini ya benchi kule Efeso, na ndevu zake. Nikawafukuza. Nilipiga kelele mpaka mbavu zikanifanya nikaribie kuzimia, na machungwa nikayatupa, moja likampata mzee kwenye paji la uso. Sijutii. Lilikuwa chungwa zuri.

Mahakamani nilisema nilichokisikia: mmetuzikia mvua. Nikasema halikuwa igizo na haukuwa utani. Mtani wangu alikuwa kizimbani, amekonda, hakuninyanyulia macho. Mama wa Majengo aliyepiga kelele siku ile aliulizwa aliona nini. Akasema, "Niliona Mhehe anampiga Mgogo, mheshimiwa, nikacheka." Akaanza kulia, akashindwa kuendelea. Mmoja mmoja walipanda, wakasema vivyo hivyo, wengine wakaongeza kwamba wamekosa. Wazee pia. Lile neno moja walilokubaliana liliwashinda mdomoni. Mtani wangu akahukumiwa kwa kuua bila kukusudia, akafungwa.

Mke wa mchungaji alichukuliwa na ndugu zake, akaenda Chemba. Nyumba wakapewa wengine. Na mvua? Mwaka ule haikunyesha. Waliosema akiondoka itanyesha sikuwasikia tena, na mimi niliwatafuta makusudi niwaulize.

Watu wa Kizota hawakunipenda baada ya hapo. Walisema nimempeleka mtani jela, jambo ambalo halijapata kusikika tangu babu na babu. Wengine walisema igizo langu ndilo lililoua. Waseme. Nilihama kanisa, sikuhama hasira. Asubuhi nilipita mbele ya karakana iliyofungwa, na kila mara mdomo ulijiandaa wenyewe kutukana, halafu nikakumbuka.

Kisha kaka yangu mkubwa akafa, kijijini kwetu. Nilifika alfajiri nikakuta kaburi limeshafika kiunoni, na ndani yake kuna mtu anachimba peke yake. Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa ametoka gerezani, hakuna aliyeniambia, na habari za msiba alizipata anakokujua yeye. Amekuja kufanya kazi yake. Vijana wakataka kumsaidia, akakataa kwa kichwa. Alichimba mpaka mwisho, akanyoosha pembe, akasafisha sakafu ya kaburi kwa viganja, akatoka.

Jeneza lilipoletwa watu wote walimtazama. Wazee wa kijiji walikuwa tayari kucheka, wanajua utaratibu: sasa ataruka shimoni, atadai, atatukana. Hakuruka. Alisimama ukingoni na jembe lake, udongo mpaka kwenye nyusi, akasubiri tumzike ndugu yetu kimya kimya kama watu wasio na mtani. Nilimsikia shangazi yangu ananong'ona, "Ni nini hiki? Mbona hasemi kitu?"

Tulipomaliza kufukia akaja mbele yangu. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Alisimama tu, mikono chini, ananitazama, na nilijua anachongoja. Alingoja nimwite mla mbwa. Neno moja tu, tusi moja, na mlango ungefunguka, angenijibu kuhusu bakuli, watu wangecheka, na tungerudi tulikokuwa. Tusi lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nilimpenda bado. Lakini mgongoni kwangu nilihisi ule uzito mdogo, na ule moyo unaokwenda mbio.

"Shikamoo, kaka," nikamwambia.

Watu waliokuwa karibu wakageuza nyuso, hata shangazi. Kisha akasema marahaba, kwa sauti ya mtu mgeni, akachukua jembe lake akaenda zake.